Daktari Aliyefundishiwa Mpakani: Uchambuzi wa Kisa cha Kituo Kimoja cha Afya Wilayani Kasese

Mwaka 1989 una uzito wake katika elimu ya udaktari nchini Uganda. Ndipo kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kusini-magharibi mwa nchi, kwa nia ya kuwaandaa madaktari karibu na watu wa vijijini badala ya kungoja watoke Mulago, hospitali kuu ya rufaa iliyoko Kampala. Na ndipo Makerere, ambayo shule yake ya udaktari ilikuwa imefundisha tangu 1924, ilipofungua masomo ya uzamili ya utabibu wa jamii, ambayo baadaye yalichukua jina la tiba ya familia. Daktari wa familia, kwa maana inayotumika hapa, ni bingwa ambaye ubingwa wake haufungwi na kiungo kimoja cha mwili wala rika moja la wagonjwa. Anamtibu mtoto na bibi yake, anaweza kumpasua mzazi usiku na asubuhi akakaa na mgonjwa wa kisukari, na anatarajiwa kuijua nyumba anayotoka mgonjwa. Masomo yenyewe ni ya miaka 3 baada ya shahada ya kwanza ya udaktari, na sehemu yake hufanyika nje ya hospitali kubwa.

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu kituo kimoja cha afya cha ngazi ya nne wilayani Kasese, upande wa mpaka wa Kongo, ambako daktari wa masomo hayo aliletwa kufanya sehemu ya mafunzo yake. Nilikifahamu kituo hicho kupitia kazi ya usimamizi wa huduma za afya katika eneo hilo. Kituo, chuo na watu hawatajwi majina, na mambo machache ambayo yangewatambulisha yamebadilishwa. Hoja yangu naiweka wazi mapema ili msomaji aipime kadiri anavyoendelea: anayetathmini mafunzo ya vijijini kwa kuhesabu tu madaktari waliobaki vijijini anapima sehemu ndogo ya jambo. Sehemu kubwa imo katika kile ambacho kituo hulazimika kuwa ili kiweze kufundisha, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mipango yetu haijaitengea fungu.

Mahali, na hali ilivyokuwa

Msomaji asiyeujua mfumo wa Uganda anahitaji maelezo mafupi. Ngazi ya kwanza ni wahudumu wa afya wa kijiji, ambao kila mtu huwaita VHT. Ngazi ya pili ni kituo cha parishi, ya tatu ni cha kaunti ndogo, na ya nne ni kituo kilichokusudiwa kuhudumia watu wapatao 100,000, chenye vitanda, chumba cha upasuaji na daktari. Juu yake zipo hospitali za wilaya, za rufaa za mikoa na za taifa. Ngazi ya nne ilisukumwa kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati mmoja na kufutwa kwa malipo katika vituo vya serikali mwaka 2001, kwa wazo kwamba mama mwenye uchungu uliokwama asilazimike kupanda gari hadi mjini ili apasuliwe. Majengo yalipatikana haraka kuliko watu. Vyumba vingi vya upasuaji vilikaa miaka vikiwa na taa na meza bila mtaalamu wa dawa ya usingizi, bila damu, au bila daktari aliyekuwa na ujasiri wa kushika kisu peke yake saa nane za usiku.

Kituo cha kisa hiki kilikuwa hivyo. Daktari wake mmoja alikuwa pia mkuu wa wilaya ndogo ya afya, cheo kinachomtaka asimamie vituo vya ngazi ya pili na ya tatu, ahudhurie mikutano, aandike bajeti na kupokea wageni wa miradi. Kazi ya kutibu iliwaangukia maafisa tabibu, wakunga na wauguzi, na waliifanya kwa juhudi ambayo mtu wa mbali hawezi kuikadiria, lakini bila mtu wa kuwauliza pale jambo lilipowashinda. Barua za rufaa kutoka kituoni zilikuwa na mstari mmoja: mgonjwa anapelekwa kwa matibabu zaidi. Hospitali iliyompokea haikujibu, kwa kuwa hapakuwa na swali lililoulizwa.

Mpaka wenyewe ni sehemu ya kisa. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande wa Beni na Butembo ni ndugu, soko la Mpondwe linawakutanisha, na mgonjwa huvuka kwa miguu kwenda kwa shangazi yake bila kujiona kuwa anaingia nchi nyingine. Nyumbani watu huzungumza Lukonzo. Sokoni, na kwa wageni kutoka Kongo, huzungumza Kiswahili. Mwezi Juni mwaka 2019, wakati mlipuko wa Ebola ulioanza Kivu Kaskazini mwezi Agosti 2018 ukiendelea, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo na familia yake alifikishwa Hospitali ya Kagando, wahudumu wakashuku, kipimo kikathibitisha, na familia ikatengwa Bwera. Mtoto alifariki, na bibi yake na mdogo wake pia wakafariki, lakini ugonjwa haukuenea ndani ya Uganda. Mlipuko wa upande wa pili ulipotangazwa kwisha mwezi Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha kazi ya mhudumu wa kwanza kumwona mgonjwa: kabla ya maabara, kabla ya timu kutoka Kampala au Entebbe, kuna mtu mmoja katika chumba cha wagonjwa wa nje ambaye ama anauliza umetoka wapi au haulizi.

Nyumba moja, madaftari matatu

Daktari mwanafunzi alipofika alikuwa katika mwaka wake wa mwisho wa masomo. Ni mtu wa mashariki mwa nchi, asiyejua neno la Lukonzo, na Kiswahili chake alikipata kwa madereva wa malori ya Busia. Kwingi nchini Uganda Kiswahili bado kinawakumbusha wazee amri za wanajeshi, na mgeni akikitumia kwa haraka anaweza kumfunga mgonjwa mdomo. Lakini hapa mpakani ni lugha ya biashara, na ilimfungulia milango ambayo Kiingereza cha hospitali kingeiacha imefungwa.

Mgonjwa wa kisa hiki ni bibi mmoja wa makamo ya juu, mwenye shinikizo la damu na kisukari, ambaye alikuwa akija kituoni kila baada ya muda akiwa na kizunguzungu, akipewa vidonge vya wiki mbili, kisha akipotea. Katika vituo vyetu mgonjwa hutembea na rekodi zake mwenyewe ndani ya daftari la shule la kurasa 32 au 48, na daftari la bibi lilikuwa limeandikwa na mikono mingi, kila mkono ukianza upya kana kwamba bibi amezaliwa asubuhi ile. Dawa zilibadilishwa bila sababu kuandikwa. Mara mbili aliandikiwa dawa ileile kwa majina mawili tofauti.

Masharti ya masomo yalimtaka daktari mwanafunzi amfuatilie mgonjwa mmoja wa ugonjwa wa kudumu hadi nyumbani kwake na kuiwasilisha kesi hiyo kwa msimamizi wake. Hapo ndipo pa kukazia macho, kwa sababu kilichotokea baadaye hakikutokana na wema wa mtu mmoja. Wema ulikuwapo, lakini maafisa tabibu nao walikuwa watu wema, na hakuna aliyekuwa amewahi kufika kwa bibi, maana hakuna aliyewataka wafike. Yeye alitumwa na ratiba ya masomo.

Alikwenda na VHT wa kijiji, kwa pikipiki na kisha kwa miguu kupanda mteremko. Walimkuta bibi na mkwe wake, mama mfanyabiashara anayevusha mihogo na mafuta ya mawese siku za soko, pamoja na binti wa mama huyo, wa miaka 17, mwenye mimba ya kwanza. Mazungumzo yalipoanza ilieleweka kwa nini bibi hupotea. Dawa zake zilinunuliwa na mkwe katika duka la dawa pindi kituo kilipoishiwa, na mkwe alinunua kadiri soko lilivyomruhusu. Soko lilipolala, bibi aligawa kidonge nusu, na siku kichwa hakiumi hakumeza kabisa. Bibi alieleza hayo bila aibu, kama mtu anayeeleza namna anavyobana chumvi. Hakuwa mkaidi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba presha hupanda bila kichwa kuuma.

Kisha daktari akaomba madaftari mengine ya nyumba ile. La binti lilionyesha kwamba alihudhuria kliniki ya wajawazito katika kituo cha ngazi ya tatu cha parishi nyingine, kwa shangazi yake, na kwamba mara ya mwisho presha yake ilikuwa imeanza kupanda. Namba iliandikwa vizuri na mkunga. Chini yake hapakuwa na neno. Uso wa binti ulikuwa umevimba, na kichwa kilimuuma tangu juzi yake. Presha ilipopimwa pale nyumbani ilikuwa juu sana, na kipimo cha mkojo kikaonyesha protini nyingi. Hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia, hali ambayo humuua mzazi kijana wa mimba ya kwanza ndani ya saa chache endapo mtukutiko utaanza mbali na msaada. Daktari akapima na ya mama mfanyabiashara, ambaye alikuwa akisisitiza kuwa yeye ni mzima na ana haraka. Nayo ilikuwa juu. Huyo hakuwa na daftari lolote.

Binti alifikishwa kituoni jioni ile, akapewa sindano za magnesiamu za kuzuia mtukutiko, presha ikashushwa, na baada ya mashauriano ya simu na msimamizi akafanyiwa upasuaji palepale, kwa kuwa mtaalamu wa usingizi alikuwapo na mifuko ya damu kutoka benki ya mkoa ya Fort Portal ilikuwa kwenye jokofu. Mtoto alizaliwa mdogo, akalelewa kifuani kwa mama yake kwa zamu na bibi. Wote walitoka hai.

Naomba msomaji asikisome kisa hiki kama hadithi ya uokoaji. Wapo wazazi waliookolewa kituoni hapo kabla ya daktari huyu, na wapo waliopotea alipokuwapo. Kinachostahili kuchambuliwa ni kwamba watu watatu wa nyumba moja, wenye tatizo la aina moja, walikuwa wakishughulikiwa na milango mitatu isiyozungumza: chumba cha wagonjwa wa nje, kliniki ya wajawazito ya parishi nyingine, na duka la dawa. Kila mlango ulifanya kazi yake kwa kiasi fulani. Mkunga alipima na kuandika. Afisa tabibu alitoa vidonge. Hata mwenye duka la dawa, kwa taarifa tulizopata, alimshauri mama aende kituoni. Pengo lilikuwa katikati ya milango, na tiba ya familia ndiyo fani iliyobuniwa kufanya kazi katika pengo hilo.

Kituo kilipolazimika kufundisha

Kesi ya nyumba ile iliwasilishwa katika kikao cha asubuhi, mbele ya msimamizi aliyekuja kutoka hospitali, na wafanyakazi wa kituo wakaalikwa. Vikao hivyo vilianzishwa kwa ajili ya mwanafunzi na mwanzoni vilionekana kuwa mzigo: wauguzi waliotoka zamu ya usiku walisimama mlangoni wakiwa wamechoka, na mmoja aliniambia kwamba huo ulikuwa mtihani wa mtu mwingine. Baada ya muda maafisa tabibu wakaanza kuleta kesi zao wenyewe. Badiliko hilo ni dogo kulisimulia na kubwa kuliona, kwa sababu mtu anayejua kwamba kesho ataulizwa kuhusu mgonjwa wake huandika leo mambo ambayo asingeyaandika.

Kutokana na nyumba ile kituo kikafungua rejista ya wagonjwa wa presha na kisukari iliyopangwa kwa vijiji badala ya tarehe. Mantiki yake ni rahisi: rejista ya tarehe humwonyesha mhudumu nani amekuja, ya vijiji humwonyesha nani hajaja. VHT akija kuchukua dawa za malaria za watoto hupewa majina ya waliokosa, na akirudi hueleza kama wamehama, wamekufa, au wamechoka. Siku moja ya wiki ikatengwa kwa wagonjwa hao, na afisa tabibu mmoja, mwanamke mwenye uzoefu wa miaka mingi, akaichukua kuwa yake.

Athari ya rejista hiyo kwa dawa ndiyo ambayo sikuitarajia. Vituo vya ngazi ya pili na ya tatu hupokea kutoka Bohari ya Taifa ya Dawa vifurushi vilivyopangwa tayari, lakini kituo cha ngazi ya nne hutunga mpango wake wa manunuzi, na dawa huletwa kila baada ya miezi miwili. Mpango unaotungwa kwa kukisia huleta dawa za kukisia. Kabla ya hapo dawa za presha ziliagizwa kwa kunakili oda ya mwaka uliopita, ambayo nayo ilinakiliwa. Zikaisha mapema, na wagonjwa kama bibi wakasukumwa dukani. Rejista ilipompa mtunza stoo idadi halisi ya wagonjwa na vipimo vyao, oda ilibadilika. Dawa bado ziliisha mara nyingine, maana bajeti ya kituo ina kikomo, lakini ziliisha kwa sababu zinazojulikana.

Barua za rufaa nazo zikarefuka. Daktari mwanafunzi aliandika alichokiona, alichokifanya na swali lake, na kwa kuwa alikuwa akiwafahamu wenzake wa hospitali kubwa kwa masomo, aliwapigia simu kabla gari halijaondoka. Majibu yakaanza kurudi ndani ya madaftari. Wakunga wa vituo vya ngazi ya tatu waliposikia kwamba kuna mtu anayepokea simu na hakaripii, nao wakaanza kupiga. Namba kama ile iliyoandikwa katika daftari la binti sasa ilikuwa na mahali pa kwenda.

Hasara zilikuwapo, na taarifa za miradi hupenda kuziruka. Watu waliposikia habari za dokta wa chuo walianza kuvipita vituo vya parishi zao, foleni ikarefuka na wahudumu wa ngazi ya tatu wakajiona wamedharauliwa. Daktari mwenyeji, baada ya kupata mtu wa kumwachia wodi, alizidi kutoonekana. Mwanafunzi mwenyewe alikuwa akilipa karo na kufanya kazi ya mtu mzima bila mshahara, kama walivyo wenzake wengi wa masomo ya uzamili ambao hospitalini huitwa SHO. Hakupata nyumba ya kituo, kwa kuwa nyumba zilikuwa chache kuliko wafanyakazi. Alipanga chumba katika kituo cha biashara cha karibu, na kodi ilitoka kwa ndugu zake. Mfumo unaotegemea ndugu wa mwanafunzi kulipia huduma ya usiku ya watu 100,000 una kasoro ya msingi, hata matokeo yake yakiwa mazuri.

Alipoondoka

Muda wake ulipokwisha aliondoka, na chuo hakikuleta mwingine mara moja. Kipindi hicho cha katikati ndicho kilichonifundisha zaidi, kwa sababu kilitenganisha yale yaliyoshikamana na mtu na yale yaliyokuwa yamepata mwenye kuyashika.

Siku ya wagonjwa wa presha iliendelea, kwa kuwa afisa tabibu wake hakuwa akiifanya kwa niaba ya mtu. Rejista ya vijiji iliendelea. Oda za dawa ziliendelea kufuata rejista. Simu za wakunga zilipungua, lakini hazikukoma: zilihamia kwa afisa tabibu huyohuyo. Kikao cha asubuhi kilififia bila mtu yeyote kutangaza kwamba kimekwisha; msimamizi hakuwa na sababu ya kuja, na bila mtu wa nje wa kuulizia, wenyeji waliona haya kuulizana. Ziara za nyumbani zilikoma. Upasuaji wa usiku ulirudi kuwa wa kubahatisha, hasa baada ya mtaalamu wa usingizi kupata kazi katika hospitali ya binafsi, na kesi zikarudi kupandishwa magari.

Daktari mwenyewe, alipohitimu, alitamani kurudi. Hilo alilisema kwa watu wengi na sina sababu ya kulitilia shaka. Lakini muundo wa ajira wa ngazi ya nne umejengwa kwa miaka mingi juu ya daktari wa shahada ya kwanza. Bingwa wa tiba ya familia hakuwa na kiti chake hapo, na kurudi kungekuwa kurudi kwa cheo alichokuwa nacho kabla ya masomo. Tena daktari wa kituo huajiriwa na wilaya, kupitia Tume ya Utumishi ya Wilaya, chini ya ugatuzi uliowekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997, na wilaya haiwezi kutangaza nafasi ambayo fungu lake la mishahara halina. Chuo humpeleka mwanafunzi bila kuuliza wilaya kama itamwajiri. Wilaya humpokea bila kuulizwa. Alichukua kazi katika shirika moja mjini.

Inafaa kusema hapa kwamba mshahara peke yake haukuwa kizuizi. Mwaka wa fedha 2022/23 serikali ilipandisha mshahara wa daktari anayeanza kazi hadi shilingi milioni 5 kwa mwezi, na tangu hapo malalamiko ninayoyasikia kwa madaktari vijana wa wilayani yamegeuka. Wanalalamikia nafasi zisizotangazwa, nyumba, na kuwa peke yao. Kuwa peke yao ndilo ninalolisikia zaidi, na ndilo ambalo kituo kinachofundisha hulitibu bila kukusudia.

Ushahidi wa nje, na namna ya kuusoma

Shirika la Afya Duniani lilitoa mapendekezo yake kuhusu wahudumu wa maeneo ya vijijini na ya mbali mwaka 2010, na kuyahuisha mwaka 2021. Lilionyesha kwamba karibu nusu ya watu wa dunia waliishi vijijini ilhali chini ya robo ya madaktari walifanya kazi huko. Mapendekezo ya upande wa elimu yanaafikiana na yale yanayosemwa kila mara: chukua wanafunzi waliozaliwa vijijini, jenga vyuo nje ya miji mikuu, wapeleke wanafunzi vijijini wakiwa masomoni. Japani ilianzisha chuo cha Jichi mwaka 1972, ambacho mhitimu wake hulipa gharama za masomo kwa kutumikia mkoa wake kwa miaka 9; Kanada ilifungua shule ya udaktari ya Ontario Kaskazini mwaka 2005, ikiwatawanya wanafunzi wake katika miji midogo na jamii za wenyeji asilia. Taarifa za sehemu hizo zinaonyesha kwamba wahitimu wengi hubaki vijijini kuliko wahitimu wa vyuo vya kawaida.

Sina ugomvi na ushahidi huo, ila na namna unavyonukuliwa kwetu. Kwanza, anayechagua kusomea kijijini mara nyingi alikuwa na moyo wa kijijini kabla hajasoma, hivyo si rahisi kujua ni kiasi gani cha kubaki kwake kilitokana na mafunzo. Pili, na hili ndilo zito zaidi, Kanada na Japani zina kiti kinachomngoja mhitimu. Daktari wa familia wa Ontario Kaskazini anapomaliza masomo anaingia katika mfumo ambao yeye ndiye mhimili wake. Kwetu daktari wa familia anahitimu katika fani ambayo mgonjwa hajaisikia, mwajiri hajaipa nafasi, na hata madaktari wengine huiuliza maana yake. Kuchukua nusu ya kwanza ya mpango wa Kanada na kuiacha ya pili, kisha kushangaa kwamba wahitimu hawabaki, ni kutojitendea haki.

Wala Uganda haianzi sifuri. Mbali na Mbarara, vyuo vya udaktari vimefunguliwa Gulu, Mbale, Kabale na kwingineko, na tangu mwaka 2003 Makerere imekuwa na utaratibu wa kuwapeleka wanafunzi wa shahada ya kwanza katika jamii kujifunza, kutafiti na kutoa huduma. Takwimu za taifa pia zimesogea: vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 438 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2011, vikashuka hadi 336 mwaka 2016 na 189 mwaka 2022. Hakuna haki ya kuyatia mafanikio hayo mfukoni mwa tiba ya familia, ambayo wahitimu wake bado ni wachache mno. Yametokana na wakunga, barabara, simu, damu na mengine mengi. Yanaonyesha tu kwamba vituo vya chini, vikipewa nyenzo, huleta matokeo, na kwamba swali la nani awafundishe na kuwasindikiza wahudumu wake lina thamani.

Linalojadiliwa sasa

Baada ya kipindi cha pengo, kamati ya usimamizi wa kituo ilipeleka wilayani mapendekezo ambayo, kwa maoni yangu, yameelewa jambo hili kuliko nyaraka nyingi za Kampala. Haikuomba daktari abaki. Iliomba kwamba mwanafunzi mmoja asiondoke kabla mwenzake hajafika na kukaa naye kwa majuma kadhaa. Kwamba msimamizi aendelee kuja kwa ratiba hata wakati hakuna mwanafunzi, na kikao cha asubuhi kihesabiwe kuwa kazi ya kituo. Kwamba afisa tabibu wa siku ya presha atambuliwe rasmi kuwa mwalimu na apewe posho ya usimamizi kama anayopewa daktari. Na kwamba nyumba moja ya wafanyakazi iandikwe jina la mafunzo, ili asipewe mtu mwingine inapokuwa tupu.

Ombi la tatu ndilo lililozua ubishi. Upande wa chuo ulisema msimamizi wa masomo ya uzamili sharti awe na shahada isiyo chini ya ile anayoifundisha, na kitaaluma hoja hiyo ina msingi. Upande wa kituo ulijibu kwamba mwanafunzi alijifunza kwa mwanamke huyo namna ya kumfuata mgonjwa asiyekuja, jambo ambalo hakuna bingwa wa hospitali kubwa aliyewahi kumfundisha. Ninaegemea upande wa kituo. Shahada inaweza kubaki kwa msimamizi wa chuo, na posho ikaenda kwa wote wawili. Kiasi chenyewe ni kidogo kuliko gharama ya mafuta ya gari la wagonjwa kwenda Fort Portal na kurudi kwa rufaa ambazo kituo kingeweza kuzimaliza.

Ombi la nyumba limekubaliwa kwa kanuni na linangoja ukarabati wa paa. Kuhusu makabidhiano, chuo kimesema kalenda yake ya mitihani haikiruhusu kuwaweka wanafunzi wawili kwa wakati mmoja, na wilaya imeandika tena kuuliza kama kalenda hiyo haiwezi kusogezwa kwa kituo kimoja tu, kwa majaribio.